Shajara ya boila: kuachana na dizeli kwenye mtandao wa mvuke

4 Februari

Tumeanza. Taasisi sitaitaja. Ni kiwanja kimoja hapa Nairobi chenye hospitali, chuo cha wauguzi, hosteli mbili, jikoni na dobi, vyote vikilishwa mvuke na nyumba moja ya boila zinazochemsha maji kwa dizeli. Tuko watatu: mimi upande wa mitambo, mwenzangu upande wa umeme, na kijana wa data ambaye boila ameiona leo kwa mara ya kwanza. Tuna miezi sita ya kuwaandalia mpango wa kuacha dizeli.

Nikiwaambia watu kwamba ninashughulika na mtandao wa joto wananicheka. Nairobi? Nani anapashiwa nyumba joto Nairobi? Ni kweli, hata Julai ikitubana tunavaa sweta na maisha yanaendelea. Lakini hospitali haivai sweta. Inataka maji moto wodini, mvuke wa kutakasia vifaa vya upasuaji, mvuke wa jikoni, mvuke wa mashuka. Na juu ya paa la thieta ya upasuaji kuna chila, mashine ya kupoza hewa, inayotoa joto nje mchana kutwa. Joto linanunuliwa huku na kutupwa kule, na kati yao hakuna hata mita 80.

Wazo la jiko moja kulisha majengo mengi ni la zamani. Birdsill Holly alilijaribu Lockport, jimbo la New York, mwaka 1877, na kufikia 1882 mvuke ulikuwa ukiuzwa kupitia mabomba chini ya barabara za Manhattan. Unauzwa mpaka leo. Ulaya mitandao mingi imeuacha mvuke ikahamia maji moto, na kila kizazi cha mtandao maji yanazidi kuwa ya joto la chini. Denmark karibu theluthi mbili ya nyumba zinapata joto kwa njia hiyo. Kiwanja chetu kilibaki 1882.

6 Februari

Nyumba ya boila unaisikia kabla ya kuiona. Ukiwa bado kwenye lango la nyuma unasikia kichomeo kikinguruma, kinanyamaza, kinanguruma tena. Boila ni mbili, moja kazini na moja ya akiba. Presha ni bar 7, maana yake mvuke unatoka na nyuzi 170 hivi. Hiyo ni nyingi mno kwa mtu anayetaka kuoga.

Mwenye nyumba hiyo ni mzee aliyekaa nayo miaka 31. Kila mtu anamwita Mzee, nami nitamwita hivyo. Nilimuuliza mita ya mafuta iko wapi. Akanionyesha kioo cheusi ukutani, kisha akachukua ufito wenye alama zilizochongwa kwa msumari, akautumbukiza tangini, akautoa, akasoma palipoishia unyevu.

“Binti yangu, mita ilikufa zamani. Ufito haufi.”

Kila zamu inaandika kwenye daftari kubwa jekundu: saa, kimo cha mafuta, presha. Tumeazima madaftari ya miaka mitatu. Kijana ameanza kuyapiga picha ukurasa kwa ukurasa, na tayari laptopu yake inanuka dizeli.

13 Februari

Nimepewa kabati la ripoti. Kanuni za usimamizi wa nishati za 2012 zinataka majengo yanayotumia nishati nyingi yakaguliwe kila baada ya miaka 3, kwa hiyo humu kuna ripoti mbili za wakaguzi waliotutangulia, zimefungwa vizuri na jalada la plastiki. Moja inasema wanunue paneli za maji moto za jua. Nyingine inasema wanunue boila mpya. Hakuna hata moja iliyopima mvuke unafika wapi. Nimezirudisha kabatini.

21 Februari

Kabla ya kutaja mtambo wowote unapaswa kuujua mzigo: kila saa ya mwaka, zote 8,760, zinahitaji joto kiasi gani. Ukizipanga kuanzia saa nzito hadi saa nyepesi unapata mteremko, na mteremko huo ndio unaokuambia mtambo wa kufanya kazi mwaka mzima uwe na ukubwa gani, na kile kilele cha saa chache kibebwe na nini. Kazi hiyohiyo ndiyo inayofanywa kwenye mitandao ya Copenhagen na Helsinki.

Wetu umetoka kioja. Kileleni kuna saa kadhaa ambazo mzigo unazidi uwezo wa boila yenyewe, kana kwamba mtu anakuja na boila ya mfukoni. Zote ziko kwenye saa nne asubuhi. Alfajiri, wakati jikoni lazima iwe inachemsha uji wa wagonjwa, grafu imelala fofofo. Tena si kila siku, ni siku kadhaa ndiyo, kadhaa hapana. Kijana amekuja na maelezo yake: hizo zitakuwa siku za githeri, maharagwe yanakula moto. Nilimwambia ni wazo zuri, na moyoni nikajua si kweli.

24 Februari

Tumepata. Saa za daftari ni mbili.

Vijana wa zamu ya mchana wanaandika 10 wakimaanisha saa nne asubuhi, kama simu zao zinavyosoma. Mzee akiwa zamu ya usiku anaandika “saa 10” akimaanisha saa kumi, ile ya alfajiri, kama binadamu wa kawaida. Hakuna aliyeandika asubuhi wala usiku, kwa sababu kila mmoja anajua alikuwa zamu gani. Programu ya kijana ilikuta rekodi mbili za 10 siku moja ikazijumlisha: uji wa alfajiri ukabebeshwa juu ya mashuka ya saa nne asubuhi, na saa kumi ikabaki tupu. Siku ambazo Mzee hakuwa zamu ya usiku, grafu ilikaa sawa. Ndizo “siku zisizo za githeri”.

Wenzetu wa Ulaya wana saa moja inayojirudia kila Jumapili ya mwisho ya Oktoba, wanaporudisha mishale nyuma, na najua imewatoa jasho wengi wanaochambua mizigo ya joto. Sisi tuna saa sita nzima. Tulitambua mwandiko wa Mzee kwa ile 7 yake yenye mkato katikati, tukasahihisha kurasa zake zote kwa mkono. Ilituchukua siku mbili na thermosi tatu za chai. Kilele kimeshuka karibu nusu. Tungeenda kwa bodi na grafu ya kwanza tungewanunulisha mtambo mara mbili ya wanaouhitaji, na pengine hakuna ambaye angegundua kamwe.

2 Machi, Jumapili usiku

Jaribio ninalolipenda kuliko yote, na halihitaji kompyuta. Tumefunga mita mpya kwenye bomba la mafuta la kichomeo. Tumekubaliana na Sista wa thieta kwamba dharura ikija watatumia kitakasishi kidogo cha umeme. Saa nne usiku tumezunguka kiwanja na tochi tukafunga valvu ya kila mtumiaji: jikoni, dobi, hosteli, matangi ya wodi. Boila tumeiacha ishikilie presha yake ya kawaida, ikilisha mabomba tu.

Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi alfajiri imekunywa lita 108. Ufito wa Mzee ulisema 110, na akahakikisha nimeandika.

Hizo ni lita 18 kwa saa bila mtu kutumia hata tone. Kwa siku ni lita 432, na wastani wa matumizi yote ya kiwanja ni lita 900. Karibu nusu ya dizeli inanunuliwa ili kupasha udongo, kuta za mitaro na paka wanaolala juu ya mabomba. Lita moja ya dizeli inatoa kilo 2.7 hivi za kaboni dioksaidi, kwa hiyo ni zaidi ya tani moja kila siku kabla ya mgonjwa yeyote kupata maji ya kunawa.

Mwenzangu wa umeme, aliyekuja na orodha ya pampu za joto (mashine za umeme zinazonyonya joto mahali pamoja na kulihamishia pengine), ameikunja akaitia mfukoni.

19 Machi

Wiki mbili za kutembea na mabomba. Ni mita 600 hivi, nusu juu ya nguzo na nusu ndani ya mitaro yenye vifuniko vya zege ambavyo vijana wanne hawaviinui kwa raha. Sufi ya kuhifadhi joto imedondoka sehemu nyingi. Mahali pengine bati lake limeng'olewa, na nimeliona likifunika kibanda cha kuku nyuma ya makazi ya wafanyakazi. Sikusema kitu.

Hasara kubwa iko kwenye trapu. Trapu ni kidude cha ukubwa wa ngumi mbili kinachokaa mwishoni mwa kila tawi la mvuke. Mvuke ukishatoa joto lake unageuka maji. Kazi ya trapu ni kuyapitisha hayo maji na kuuzuia mvuke. Ikifa ikiwa wazi, mvuke unapita bure mchana na usiku. Ikifa ikiwa imefunga, maji yanajaa, na mvuke unaokuja nyuma unayasukuma yakagonge kona kama nyundo. Tumehesabu trapu 64. Zilizokufa wazi ni 15, zilizoziba 7.

Tulikuwa na kamera ya joto ya kukodi. Mzee alikuwa na bisibisi ndefu: ncha anaiweka kwenye trapu, mpini sikioni, anafumba macho. Ikipuliza mfululizo imekufa. Ikikata-kata, tiki, kimya, tiki, ni nzima. Tulizipima zote kwa njia zote mbili bila kuambiana majibu. Tulitofautiana kwenye tatu. Tulizifungua zote tatu, na mbili bisibisi ilikuwa sahihi.

Halafu kuna maji yenyewe yanayotoka kwenye trapu, yenye nyuzi 90 hivi, safi, yaliyokwisha kutiwa dawa ya boila. Yalitakiwa kurudi kwenye tangi la kulishia boila. Bomba la kurudisha lilioza miaka iliyopita upande wa dobi, na tangu hapo yanamwagwa kwenye mfereji wa maji machafu. Boila inajazwa maji baridi ya bomba, inaanza upya kuanzia nyuzi 20. Hapa ndipo mhasibu mkuu aliposhika kalamu. Hasara ya mvuke haioni, ila maji ya Nairobi anajua bei yake.

8 Aprili

Masika yameingia. Mitaro imejaa maji na vifuniko vya zege vinafuka mvuke kama sufuria. Wanafunzi wanapita wakipiga picha. Matumizi ya dizeli yamepanda wiki hii bila mgonjwa kuongezeka. Kijana alidhani ni kosa la data tena, nikampeleka nje akaone. Sufi ikiloa haifai kitu. Tumeongeza mstari mmoja kwenye mpango, na umekuja kabla ya mitambo yote: kuchimba njia ya maji ya mvua.

16 Aprili

Hili ni kosa letu wenyewe. Trapu zimebadilishwa, bomba la kurudisha maji limeungwa, tangi la kulishia boila sasa linapata maji moto badala ya baridi. Kitabu cha mtengenezaji kinasema tangi hilo lishikiliwe nyuzi 95 ili hewa itoke na chuma kisiliwe na kutu. Nikaweka 95 kwenye kidhibiti, nikaenda nyumbani nikiwa na furaha.

Saa moja asubuhi Mzee alipiga simu. “Injinia, pampu inatafuna kokoto.”

Nimefika nikaisikia toka mlangoni. Mlio wa changarawe ndani ya kopo, na presha ya maji inacheza. Nilikagua chujio, nikakagua mota, nikaanza kuilaumu pampu. Mzee alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akinitazama. Mwishowe akauliza, kwa upole kabisa, “Hicho kitabu kiliandikwa wapi?”

Kiliandikwa bandarini, bila shaka. Nairobi iko mita 1,795 hivi juu ya bahari na maji hapa yanachemka kwenye nyuzi 94. Nilikuwa nimeiagiza pampu ivute maji yaliyokwisha kuwa mvuke: vipovu vinazaliwa kwenye mdomo wake, vinapasuka kwenye bawa, na kila kimoja kinang'oa chembe ya chuma. Nimeshusha hadi 85. Kokoto zikaisha ndani ya dakika kumi. Nimezaliwa mji huu, nimesoma jambo hili darasani, na bado niliamini karatasi kuliko urefu wa mahali niliposimama.

29 Aprili

Sasa ndiyo tunaweza kuzungumza kuhusu mitambo, na hata hapo swali la kwanza si mtambo gani. Ni nani anahitaji nyuzi ngapi.

Maji ya kuoga na kunawa yanatunzwa kwenye nyuzi 60, si kwa raha ya muogaji bali kwa sababu kwenye maji ya vuguvugu bakteria wa Legionella, wanaoleta ugonjwa wa mapafu, wanastawi. Mashuka ya hospitali yanatosheka na maji ya nyuzi 71 kwa dakika 3. Kutakasa vifaa ni 121 kwa dakika 15 au 134 kwa dakika 3, hapo hakuna mjadala. Masufuria ya jikoni yenye kuta mbili yanataka mvuke wa zaidi ya 110. Rola la kupigia mashuka pasi linataka 150 na kuendelea. Kwa hiyo anayehitaji mvuke wa 170 kweli ni rola moja, na kwa ajili yake mtandao mzima, hadi bafu la mwisho la hosteli, unatembea na 170.

Maji moto ni lita 20,000 kwa siku, kutoka nyuzi 20 hadi 60. Hizo ni kilowati-saa 930 hivi. Chila ya thieta inatoa baridi ya kilowati 40, na ukijumlisha umeme inaokula, joto inalotupa angani ni kilowati 52. Ikifanya kazi saa 12 ni kilowati-saa 620. Theluthi mbili ya maji moto ya kiwanja iko juu ya paa, inapuliziwa njiwa.

Hili si jambo nililolibuni. Chuo Kikuu cha Stanford huko California kilifanya hivyo kwa kiwanja chake kizima mwaka 2015: kikang'oa mvuke, kikalaza mabomba ya maji moto, na joto linalotolewa na mitambo ya baridi likawa ndilo la kupasha majengo. Chuo cha British Columbia huko Kanada kilihama mvuke kwenda maji moto kati ya 2011 na 2015. Helsinki wana kituo chini ya bustani ya Katri Vala kinachonyonya joto la majitaka na kutoa joto na baridi kwa pamoja. Wao ni mamia ya majengo, sisi tuna tisa, lakini hesabu ni ileile.

Tatizo ni kwamba chila iliyopo inatupa joto la nyuzi 40, halifiki 60. Ila imeshazeeka na gesi yake inaondolewa sokoni, kwa hiyo itabadilishwa tu. Tunapendekeza ibadilishwe na pampu ya joto inayotumia kaboni dioksaidi yenyewe kama gesi ya kuzungusha. Watu wanashangaa: hewa ukaa kupigana na hewa ukaa? Kilo moja ikivuja ni kilo moja tu, wakati gesi aina ya R-410A kilo moja ni sawa na zaidi ya 2,000 za kaboni dioksaidi. Na inapenda sana kupokea maji baridi na kuyatoa moto kwa mkupuo mmoja, ambayo ndiyo kazi yetu.

Sista wa thieta alisikiliza yote akauliza swali moja: matangi yakijaa maji moto saa saba mchana na niko katikati ya upasuaji, baridi yangu inakwenda wapi? Sikuwa nimelifikiria. Tumeongeza feni ya akiba juu ya paa ya kutupa joto siku hiyo. Ukiunganisha baridi na joto, mmoja akishiba mwingine asilale njaa.

14 Mei

Bodi. Dakika arobaini, na kumi za kwanza zilikuwa za EPRA, mamlaka ya nishati, kwa sababu leo ndiyo siku ya bei mpya za mafuta.

Mjumbe mmoja aliuliza ni sheria gani inayowalazimisha. Nilimweleza kwamba Umoja wa Ulaya, kwa agizo la 2023, unazitaka kampuni zenye mitandao inayozidi megawati 5 na isiyofikia viwango ziandae mpango na kuupitia kila miaka mitano. Na Ujerumani ina sheria yake tangu Januari 2024 inayodai miji ipange joto lake na mitandao yote iwe imeacha makaa na gesi ya ardhini ifikapo 2045. Sisi hatufiki hata megawati 1 na hakuna anayetulazimisha. Nikamwekea mezani hesabu ya lita 18 kwa saa. Alikaa kimya akiigeuza geuza ile karatasi.

Mwingine, mtu mchangamfu sana, akauliza kwa nini tusivute mvuke wa jotoardhi wa Olkaria, kule Naivasha, moja kwa moja hadi hapa. Wenzake walicheka lakini swali si la kijinga. Iceland wanavuta maji ya jotoardhi kutoka Nesjavellir hadi Reykjavík, kilomita 27, na njiani yanapoteza nyuzi 2 hivi. Mji wa Akranes unayapata kutoka kilomita 64. Ila wao wana mji mzima unaopashwa nyumba miezi mingi ya mwaka. Sisi tuna jikoni moja na rola, na kati yetu na Naivasha kuna ukingo wa Bonde la Ufa. Olkaria inatufikia tayari, nikamwambia, kwa waya. Zaidi ya asilimia 40 ya umeme unaozalishwa nchi hii ni jotoardhi, na ukijumlisha maji, upepo na jua unakaribia asilimia 90. Watu wa Poland, wanaotegemea makaa, wangetamani gridi yetu.

Wamepitisha ukarabati wa mabomba wote, na majaribio kwenye hosteli moja. Mengine “tutaona”.

5 Juni

Ukurasa wa mwenzangu wa umeme, anasema nisiuharibu.

Transfoma ni ya kVA 315, yaani kipimo cha mzigo wa umeme inaoweza kubeba. Kilele cha sasa ni 240, saa nne asubuhi. Mchuuzi mmoja ameleta bei ya boila ya umeme ya kilowati 400, amevaa suti, hakuuliza transfoma ni ya ukubwa gani. Chai alipewa.

Pampu ya joto haisumbui. Hewa ya Nairobi ni nyuzi 15 usiku wa kawaida, na kupandisha hadi 65 kunatupa karibu sehemu tatu na nusu za joto kwa kila sehemu moja ya umeme. Kilowati 60 za joto ni kama 17 za umeme, mzigo wa mashine chache za kufulia. Tena tangu Desemba 2017 kuna bei ya usiku kwa wateja wakubwa: kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, ukishapita kiwango chako, uniti ni nusu bei. Ni saa zilezile ambazo mahitaji ya nchi yanashuka na mvuke mwingine wa Olkaria unaachiwa uende zake. Tukijaza matangi usiku tunakunywa mvuke huo.

Jenereta ndogo za mvuke za umeme ndizo zinazobana. Ukijumlisha za kutakasia vifaa, jikoni na rola ni kilowati 220 zikiwaka pamoja, na saa nne asubuhi zinawaka pamoja. Na hata tukilipia transfoma kubwa, bili ina kipengele cha kVA za juu kabisa za mwezi: dakika chache za ulafi unazilipia siku thelathini.

Tulimwendea msimamizi wa jikoni na ratiba mpya. Mama aliisoma yote. “Saa nne mnataka nizime?” Akakunja karatasi akanirudishia. “Mgonjwa wa kisukari mwambieni ninyi.”

Basi mpango umebadilika. Vifaa na maji moto vinahama kwanza. Rola linapata jenereta yake ya mvuke na zamu ya mchana, baada ya jikoni kupumzika. Jikoni inabaki na boila ndogo ya dizeli iliyosogezwa karibu nayo, mita 15 za bomba badala ya 600, mpaka transfoma ije. Kuna mtu atasoma na kusema mpango wa kuacha dizeli una dizeli ndani. Ipo, lita 80 hivi kwa siku. Nimeandika kwa wino uleule wa mambo mengine.

10 Julai

Baridi ya kweli, ukungu hadi saa tatu. Hosteli ya kwanza imekatwa kwenye mvuke tangu wiki iliyopita. Pampu ya joto hatukununua: tuliikuta stoo, zawadi ya mfadhili fulani, chini ya turubai, plastiki haijatolewa. Haikuwahi kuwashwa kwa sababu hakukuwa na aliyejua inaunganishwa wapi.

Siku tatu za kwanza zilikuwa aibu. Kwenye ubao wa hosteli mtu alibandika: “Maji yenu ni ya kunawa, si ya kuoga.” Pampu ilikuwa inatoa 65 na bafuni yanafika 41. Tangi lilikuwa linakorogwa. Maji baridi yanaingia chini kwa kasi na kuvuruga yale ya moto yaliyokaa juu, na tangi la maji moto likikorogwa ni sawa na chai iliyoongezwa maji. Fundi amefunga bomba la kuingilia lenye matundu mengi yanayotazama chini, maji yaingie kwa kunyata. Sasa juu 63, chini 24. Karatasi ya ubaoni imeondolewa, au imepeperuka.

3 Agosti, Jumapili usiku

Tumerudia jaribio la Machi. Valvu zilezile, tochi ileile, Sista yuleyule. Tofauti: trapu mpya, sufi mpya, mitaro mikavu, tawi la hosteli limekatwa.

Tangu saa nne usiku kichomeo kimekuwa kikinyamaza kwa muda mrefu kiasi kwamba Mzee alisimama mara mbili kwenda kuangalia kama moto umezimika. Hadi saa kumi alfajiri: lita 42. Saba kwa saa.

Mzee hakuiamini mita. Alichukua ufito, akapima, akaufuta, akapima tena. Kisha akafungua daftari jekundu, akavaa miwani, akaandika kimo na presha, na kwenye safu ya saa akaandika: saa 10 alfajiri, 04:00. Akanigeuzia daftari nione.

Kesho ni barua ya maombi ya transfoma.